Kilo Saba na Nusu za Mbingu

Leo nimeaibika, jamani, na aibu yenyewe ni ya duara.

Naandika haya nikiwa Bongwe, chali kitandani, kitambaa cha barafu kipajini. Mlioniuliza tangu mchana "Vipi kule kwa wakwe?" nawajibu wote kwa pamoja hapa, kwa sababu sina nguvu za kuisimulia aibu moja mara kumi. Someni taratibu. Na kabla hamjafika mwisho mjue kwamba sikulewa, sikupigana, wala sikugongwa na mlango. Nilishikwa na hewa. Hewa hii hii mnayoivuta mkisoma.

Kwa wasiojua: posa yangu kwa Aisha wa Msambweni ilipelekwa mwezi uliopita. Baba yake, Mwalimu Mbwana, alifundisha fizikia katika shule ya upili mpaka akastaafu. Posa hakuikataa. Kuikubali pia hakuikubali. Alimwambia Mjomba Bakari, aliyeipeleka, maneno ambayo Mjomba aliniletea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba chungu cha moto: "Huyo kijana anaandika riwaya. Kazi yake ni kusema yasiyokuwako mpaka watu wayaamini. Siku akija kuniambia yaliyoko, nitajuaje? Mlete kwanza nimtazame."

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya kutazamwa.

(Riwaya yenyewe haijaisha. Mnaojua, tafadhali, habari hiyo isifike Msambweni.)

Niliamka kichwa kinagonga kama mlango wa mdaiwa. Hofu, si kingine. Sasa, Mjomba Bakari, ambaye nakaa kwake, ni mtu wa hijama. Watu hutoka Ukunda na Diani kuja kuumikwa: unawekewa kikombe cha plastiki mgongoni, hewa inavutwa kwa pampu ndogo ya mkono, ngozi inapanda ndani ya kikombe, na maumivu, inshallah, yanakuaga. Asubuhi hiyo Mjomba alikuwa amekwenda kulitia gari mafuta. Nikampigia simu.

"Mjomba, kichwa kinapasuka. Nikienda hivi nitakunja uso, Mwalimu atasema nina kiburi."

"Chukua kikombe kidogo, kile chenye mdomo kama wa kikombe cha kahawa. Weka katikati ya kipaji. Pandisha sitini."

"Sitini."

"Sitini, wala usizidishe! Uso si mgongo. Kichwa kikitulia, toa. Au ningoje nije."

"Mjomba, mimi ni mtu mzima."

(Watu wazima wote mnaosoma hapa, niombeeni.)

Kumbe kulikuwa na jambo ambalo Mjomba hakulikumbuka na mimi sikulijua. Pampu yake ya siku zote ilikuwa imevunjika mpini juzi. Geji ya pampu hiyo ilihesabu kwa milimita za zebaki, zile zile za kipimo cha presha hospitalini, daktari anapokwambia mia na ishirini kwa themanini. Sitini ya Mjomba ilikuwa sitini ya zebaki. Mimi nikafungua boksi na kutoa pampu mpya, inayong'aa, ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajaigusa. Geji yake ilikuwa na uso mweupe kama saa ya ukutani, namba zikianzia sufuri na kuishia mia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama miguu ya sisimizi, iliandikwa kPa.

Nikadhani ni jina la kiwanda.

Nikasimama mbele ya kioo cha bafuni. Nikaweka kikombe. Nikavuta mara moja. Mshale ukagusa nane hivi, na, wallahi, kichwa kikatulia. Nilisikia maumivu yakikunja virago. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Lakini nimeambiwa sitini! Na leo, kuliko siku zote, nilitaka kuwa kijana anayesikiliza wakubwa.

Nikavuta. Ishirini. Ngozi ikavimba ndani ya kikombe kama unga wa mahamri ulioumuka. Thelathini. Nyusi zangu zikaanza safari, moja ilitangulia. Arobaini. Macho yakafunguka yenyewe, nikawa na sura ya mtu aliyeambiwa habari asiyoitegemea. Hamsini. Nikasikia sauti ndani ya fuvu, nyembamba, kama mtu anapasua mua mbali. Sitini.

Nikaishusha pampu, kikombe kikabaki. Nikajitazama.

Nisameheni, lakini lazima niseme nilichokiona, kwa sababu mbali na maumivu kilikuwa kizuri. Ndani ya kile kikombe angavu kulikuwa na mlima. Mlima wa nyama yangu mwenyewe, mwekundu chini, wa zambarau kileleni, unang'aa, umesimama wima bila kushikwa na mkono wa mtu. Hakuna uzi. Hakuna gundi. Ndani ya kikombe kulikuwa na upungufu tu, ukosefu wa kitu, na ukosefu huo ulikuwa na nguvu kunizidi.

Kisha nikajaribu kukitoa.

Hakikutoka. Nikakishika kwa mikono miwili nikavuta, kichwa kizima kikafuata. Nikapaka sabuni. Nikapaka mafuta ya nazi. Nikakitia maji ya moto, maji ya baridi, nikakisomea. Nikaegemea ukuta, nikakisukuma kwa pembeni, nikasikia ngozi ya kisogo ikiitika. Juu ya kikombe palikuwa na kipini kidogo cheupe cha kurudishia hewa. Nilikiona. Nilidhani ni pambo.

Mjomba aliingia akanikuta nimekaa juu ya ndoo, kanzu nimeshavaa, kikombe kipajini kama taa ya mchimba mgodi.

"Athumani! Umefanya nini?"

"Sitini, Mjomba. Kama ulivyosema."

Akaiokota pampu. Akaisogeza karibu na macho. Akaisogeza mbali. Midomo yake ilisoma kimyakimya zile herufi za sisimizi.

"Hii si pampu yangu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeingia nyumba siyo.

Akakivuta kile kipini kwa kucha mbili.

Psssss.

Sijui niielezeje sauti ile. Nimeandika kurasa nyingi juu ya kurudi: kurudi nyumbani, kurudi kwa mpenzi. Sijawahi kusikia kurudi kulikokuwa kukamilifu namna ile. Hewa ilirudi mahali pake, kikombe kikaanguka kwenye ndoo, na kipajini kwangu likabaki duara. Si doa. Si alama. Duara! Jeusi la zambarau, lenye ukingo safi, kana kwamba mtu amenipiga mhuri wa ofisi fulani ya juu sana.

"Litatoka lini?" niliuliza.

"Wiki," alisema Mjomba. Akafikiri. "Au wiki mbili."

"Tunangojewa kabla ya Adhuhuri!"

"Ndiyo maana nasema twende."

Njiani, Mjomba akiendesha na kujilaumu kwa sauti, nilitafuta kwenye simu ile kPa ni nani. Ni kilopaskali, kipimo cha maabara. Nikajifunza kwamba sitini ya zebaki ni nane tu ya kilopaskali. Nane! Pale pale kichwa kilipotulia! Kila kilopaskali moja humeza milimita saba na nusu za zebaki. Kwa hiyo sitini yangu ilikuwa sawa na mia nne na hamsini ya Mjomba, namba ambayo alipoisikia alikanyaga breki katikati ya Gazi, gari la nyuma likatupigia honi na maneno.

Nikaendelea kusoma. Sikuweza kuacha. Hewa yote iliyo juu yetu, kutoka hapa mpaka mahali inapokwisha, inalingana na mnara wa zebaki usiofika hata kiunoni mwangu. Ukiutaka mnara huo uwe wa maji, utapanda mpaka kimo cha mnazi mzima. Na kila sehemu ya mwili wangu yenye upana wa ukucha wa kidole gumba inabeba karibu kilo moja ya hewa hiyo, mchana na usiku, tangu nilipozaliwa, nami sijawahi kusikia hata uchovu. Nikapiga hesabu ya mdomo wa kile kikombe. Mjomba alikusudia kipaji changu kivutwe kwa uzito wa kilo moja hivi ya mbingu. Mimi nilikivuta kwa kilo saba na nusu.

Niliangalia nje. Minazi ilikuwa imesimama, mama mmoja alikuwa anaanika nguo, mbuzi alikuwa anakula katoni. Wote chini ya ule mzigo! Na hakuna aliyepinda mgongo. Machozi yalinilengalenga. (Sehemu yake ilikuwa maumivu, sitaki kudanganya.)

"Unalia?" aliuliza Mjomba.

"Mjomba, tunaishi chini kabisa. Chini ya bahari ya hewa."

"Sawa. Jipake poda."

Alikuwa amesimama dukani akanunua kopo la poda ya watoto. Kofia tulishaijaribu: ukiivuta mpaka ilifiche duara, inakaa juu ya pua. Nikajipaka. Nikaongeza. Tulipofika Msambweni nilikuwa nafanana na mkate wa mofa uliomwagikiwa unga, nanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Lakini duara halikuonekana.

Mwalimu Mbwana alitupokea barazani. Mtu mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mazoea ya kunyamaza baada ya kuuliza.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibuni. Mmesafiri salama?"

"Salama, alhamdulillahi."

Akanitazama kipajini. Akatazama poda iliyodondokea kwenye bega la kanzu. Akatupisha mlangoni. Ndani tulimkuta mama yake, Bibi Mwanakombo, mdogo kama kuku wa kienyeji na mwenye sauti ya kuongoza ngoma. Aisha alikuwa jikoni na shangazi zake. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia, jicho moja na nusu ya tabasamu, na moyo ukaniruka.

Tulikuwa hatujamaliza hata kuulizana hali za jamaa, adhana ikalia.

"Tukaswali kwanza," alisema Mwalimu.

Hapo ndipo damu iliponiganda. Kuswali ni kutawadha. Kutawadha ni maji usoni. Niliinama penye bomba la msikiti, jirani na nyumba yao, nikamtazama Mjomba, Mjomba akatazama mbinguni. Nikaosha uso. Poda ikateremka kwenye mfereji, nyeupe kama tui, na pamoja nayo heshima yangu.

Nikaingia safu ya nyuma kabisa. Na hapa naomba mnisikilize bila kucheka kidogo, halafu mtaendelea. Nilipokwenda sijda ya kwanza, duara lilipogusa mkeka, lilichoma mpaka meno. Sijda ya mwisho nikabaki pale. Nikafikiri: mgongoni mwangu sasa hivi kuna mbingu nzima, na mikono ninayojitegemezea ni hii myembamba ya kuandikia, na bado sikandamizwi, kwa sababu Yule aliyeniwekea uzito nje ameniwekea uzito ule ule ndani. Nimeswali maisha yangu yote. Leo ndiyo mara ya kwanza niliyohisi nimeinama chini ya kitu. Imamu alitoa salamu mimi bado nimenyenyekea, Mjomba akanigusa unyayo.

Tukarudi kwa Mwalimu. Sinia limeshawekwa: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, madafu yaliyokatwa vichwa. Nikakaa nikiwa nimeinamisha uso, nikitumaini kivuli.

"Wewe kijana," alisema Bibi. "Njoo hapa nikutazame. Macho yangu si ya mbali."

Nikasogea kwa magoti. Akanishika kidevu. Akainua uso wangu kwenye mwanga wa dirisha. Kidole chake kilizunguka ule ukingo polepole, nami nikauma ulimi.

"Mashaallah," alisema. Kisha kwa nguvu zote za kifua chake: "Mashaallah tabarakallah! Mbwana! Umeiona sijda ya huyu kijana?"

Jamani.

Mnaijua ile alama ya wachamungu, ile inayoota kipajini kwa watu waliosujudu miaka na miaka? Mzee wa miaka sabini akijitahidi anapata doa kama tende. Bibi alidhani langu ni hilo. La ukubwa wa kikombe cha kahawa! Katika umri wangu!

"Na yeye ameificha kwa poda!" aliendelea Bibi. "Hataki kujionyesha! Enyi mlioko jikoni, njooni muone nuru!"

Shangazi wawili wakachungulia. Wakasema mashaallah kwa pamoja. Mjomba Bakari ghafla alipata mwiba wa samaki uliohitaji umakini wake wote. Nikafungua mdomo niseme ukweli.

"Bibi, hii si..."

"Nyamaza, mwanangu, wenye ibada hawajisifu. Kula. Ninyi huwa hamli."

Simu ikatikisika mfukoni. Niliitazama chini ya ukingo wa mkeka. Aisha, kutoka jikoni. *Hilo nini usoni?*

*Hewa*, nikamwandikia.

*Hewa gani?*

*Yote.*

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anakohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

Bibi hakuwa amemaliza. Alituma shangazi mmoja nyumba ya pili. "Mwambie Mama Riziki aje. Mkwe wake hajui hata kuvua viatu mlangoni, na kila siku ananisumbua kwa kumsifu. Mwambie aje aone mkwe!"

Niliona jambo linanitoroka. Si uongo wangu, sikuusema. Lakini ulikuwa umekaa usoni pangu, wa duara, na kila nilipotafuna mchicha ulikuwa unakua. Na ng'ambo ya sinia alikaa mtu ambaye hofu yake moja juu yangu ilikuwa hiyo hiyo: kwamba mimi huwaaminisha watu yasiyokuwako.

Mwalimu Mbwana alikunywa dafu lake mpaka mwisho. Aliliweka chini. Akapandisha miwani, akajongeza uso wake karibu na wangu, karibu sana, akauchunguza ule ukingo kama mtu anayesahihisha mtihani. Kisha akauliza, kwa upole, kana kwamba tuko wawili tu:

"Ulipandisha ngapi?"

Mjomba aliusahau mwiba wake.

Mngekuwa ninyi mngejibuje? Ningeweza kusema "Ngapi nini, Mwalimu?" Ningeweza kutabasamu kichamungu. Mimi hubuni watu wazima wenye majina na magonjwa. Ningeshindwa kubuni sentensi moja?

"Sitini," nilisema.

"Sitini nini?" alidakia Bibi. "Rakaa?"

"Kilopaskali, Bibi," nilisema.

"Na uliambiwa ngapi?" aliuliza Mwalimu.

"Sitini. Lakini za zebaki."

"Ambazo ni?"

"Nane. Nane za kilopaskali, Mwalimu."

"Kwa hiyo hizo zako, kwa zebaki?"

"Mia nne na hamsini."

Mwalimu alifumba macho. Vidole vyake vilicheza juu ya goti, vikihesabu. Alipoyafumbua nilidhani ananitoa nje.

"Sawasawa," alisema.

"Hebu ngojeni," alisema Bibi. "Nyinyi mnazungumza nini? Hii si sijda?"

"Si sijda, Bibi. Ni kikombe. Niliumika kipaji kwa sababu kichwa kiliniuma, na kichwa kiliniuma kwa sababu niliogopa kuja hapa. Mimi huswali, lakini huswali kawaida. Mara nyingine mbiombio."

Jikoni kitu cha bati kilianguka, kikazunguka kwa muda mrefu, na juu ya mlio wake nikasikia kicheko cha Aisha, wazi, bila kikohozi. Bibi alinitazama kama nimempokonya nazi mkononi.

"Na nimeshamwita Mama Riziki!"

Lakini Mwalimu alikuwa amesimama. Jamani, mtu yule alikuwa amebadilika! Alikwenda kwenye kabati la vyombo akatoa bilauri, akaijaza maji mpaka ukingoni. Akachomoa kadi ya arusi ya watu, ile ngumu yenye nakshi, akaiweka juu ya mdomo wa bilauri.

"Nimefundisha jambo hili mpaka sauti ikaniisha," alisema. "Niliwaambia wanafunzi, hakuna kitu kinachovuta. Si mdomo unaovuta dafu kwenye mrija, ni hewa ya nje inayolisukuma. Waliandika, wakapita mtihani, wakasahau. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea jibu usoni. Sogea hapa. Inama."

"Mwalimu?"

"Inama, mwanangu. Unaniamini?"

(Aliniita mwanangu. Mmesoma vizuri. Ningeinama kwenye shimo la nyuki.)

Niliinama. Akaipindua bilauri juu ya utosi wangu, mkono mmoja chini ya kadi. Kisha akauondoa mkono.

Maji hayakuanguka.

Niligeuza shingo kidogo nikatazama juu. Bilauri nzima, kichwa chini, na kati yangu na maji yale kuna kipande cha karatasi chenye majina ya bwana na bibi arusi nisiowajua, hakijashikwa na chochote. Maji yalikuwa yametulia. Mwanga wa dirisha ulipita ndani yake na kutetemeka ukutani. Shangazi alisema subhanallah, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuyaamsha. Hata Bibi alisogea. Hata Mjomba, ambaye maisha yake yote yamepita akitumia nguvu hiyo bila kuiona, aliacha kutafuna.

"Ile ile iliyokushika asubuhi," Mwalimu alinong'ona, "ndiyo hii inashika maji."

Na hapo, katika ukimya mzuri kuliko wote niliowahi kuingia, mlango ulisukumwa na sauti ikalipuka:

"Hodi! Yuko wapi huyo walii?"

Mwalimu alishtuka.

Yalikuja yote. Yalikuja kisogoni, mgongoni, ndani ya kanzu mpaka mahali ambapo wageni hawasemi. Kadi ilinibandika shavuni. Niliinua uso, nikitiririka, duara langu limeoshwa likang'aa, na mbele yangu amesimama Mama Riziki, mnene, amejitanda leso, mkono kiunoni.

Alinitazama. Akamtazama Mwalimu na bilauri yake tupu.

"Kwani arusi ni leo?" aliuliza. "Mbona mmeshaanza kumwogesha?"

Walicheka wote. Shangazi walikaa chini. Mjomba alilia kwa kicheko akishika nguzo, Mjomba wangu wa damu! Aisha alitoka jikoni na taulo, akanipa bila kunitazama kwa sababu angenitazama angeanguka. Mtu mmoja tu hakucheka: Bibi, aliyekuwa anamweleza Mama Riziki kwa ukali kwamba si walii lakini ni mtu wa hesabu, mtu wa hesabu kubwa sana, aulize mtu yeyote.

Tulipoaga, Mwalimu alitusindikiza mpaka kwenye gari. Alimpa Mjomba mkono, akasema lile neno la adabu ambalo halina mlango wala dirisha: "Tutawajibu, inshallah." Basi. Nilikaa kwenye kiti nikilowesha gari la Mjomba mpaka Bongwe, nikiyapima maneno hayo kwa kila kipimo ninachokijua na nisichokijua.

Sasa hivi, kabla sijaanza kuwaandikia, Aisha amenitumia ujumbe.

*Baba amekubali. Anasema ulipoulizwa ulijibu, tena kwa vipimo vyote viwili. Lakini Bibi anasema arusi isubiri mpaka duara litoke kabisa, hataki Mama Riziki alione kwenye picha.*

Nimesoma mara nyingi. Nimeinuka nikafungua dirisha, nikaiacha hewa yote iingie, na uzito wake wote.

Nawaombeni msicheke. Na mkishindwa, chekeni wenyewe, msinichekeshe mimi: ngozi inavuta.